Mgongo wa Bibi na Adapta Yake

Mimi ni mtu wa ndani. Wapo wanaoita uvivu, wapo wanaoita aibu, na marehemu bibi yangu alikuwa na maelezo yake mwenyewe: eti nilizaliwa siku ya upepo, mkunga akafunga mlango na madirisha yote kuzuia vumbi, nami nikadhani dunia inaishia pale. Safari ya kutoka kwetu Nkuhungu, hapa Dodoma, hadi soko la Sabasaba naweza kuiahirisha mpaka chumvi iishe, na chumvi ikiisha naanza kuusifia mlenda usio na chumvi. Kwa hiyo nilipomaliza kidato cha nne, nikapata matokeo ya aina ile ambayo watu huyapokea kwa kusema "Mungu ana mipango yake," nilitafuta kazi itakayonifuata yenyewe sebuleni. Nikaipata. Natengeneza chaja, adapta na pawa sapulai.

Sikusomea. Fizikia nilipata alama ambayo mwalimu alinionyesha kwa kidole badala ya kuitamka. Nilijifunza kwa kuharibu: kwanza vitu vya nyumbani, na vya nyumbani vilipokwisha, vya watu. Bahati yangu ni kwamba mji ulikuwa umeanza kujaa. Wafanyakazi wa wizara walihamia na kompyuta zao, wanafunzi wa vyuo wakaja na za kwao, kila nyumba ikawa na king'amuzi na sabufa, na kila kimoja cha hivyo kina tumbo linaloweza kuuma.

Kwa asiyejua, ndani ya vifaa hivi kuna kisanduku kinachopokea umeme mkali wa ukutani, kikaukatakata vipande kwa kasi ambayo sikio halifiki, halafu kikautoa upande wa pili ukiwa mpole, umenyooka. Zamani kazi hiyo ilifanywa na dude zito la chuma na waya wa shaba lililonguruma kama mzee anayekoroma. Lilikula umeme mwingi, lakini lilikufa likiwa limeona wajukuu. Hivi vya sasa ni vyepesi na vina akili, na vinaishi kama watu wenye akili: kwa wasiwasi, na si sana.

Magonjwa yake si mengi. Kuna fyuzi kukatika, ambako si ugonjwa bali ni kilio cha ugonjwa. Kuna umeme unaokatika kisha ukarudi na hasira, ukaipasua transista kabla hujamaliza bismillahi. Kuna ufa usioonekana kwenye risasi ya kuunganishia, kwa hiyo kifaa kinawaka ukikipiga kofi na kuzimika ukikishukuru. Kuna mjusi aliyeingia kutafuta joto akakanyaga mahali pawili kwa wakati mmoja. Lakini muuaji mkubwa ni joto, na wa kwanza kufa ni kapasita, kikopo kidogo chenye majimaji ndani ambacho kikikaushwa na joto huvimba kichwa. Ukishaona kichwa kimevimba, huna haja ya kuuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

Bibi aliletwa kwangu kutoka Kolo, kule Kondoa, baada ya kiharusi kumchukua upande wote wa kushoto. Kikao cha familia kilifanyika kwa simu. Wajukuu wengine walikuwa na kazi, na safari, na nyumba za kupanga zenye ngazi. Mimi nilikuwa na sebule. Mjomba, mwanawe mkubwa anayeishi Dar, alilisema kwa lugha nzuri zaidi: "Wewe tunakuamini, mama, kwa sababu ukitafutwa unapatikana."

Kitanda chake tukakiweka dirishani, mkabala na meza yangu ya kazi. Hakuniita mjukuu. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, na babu alipokuwa hai aliniita mke mdogo mbele za watu mpaka nikawa nakimbilia jikoni. Kwa hesabu hiyo mimi na bibi tulikuwa wake wenza. Kiharusi kiliupinda mdomo wake na kuulegeza mkono, lakini wivu wake wa maigizo hakikuugusa.

"Mke mwenzangu," alikuwa akisema asubuhi, "mume wetu angekuona umeamka na nywele hizo, angehamia kwangu moja kwa moja."

"Alikwishahamia kwako, bibi. Mimi aliniachia masufuria tu."

"Na masufuria yenyewe unayaunguza."

Kazi yangu ilimfurahisha kuliko televisheni. Hasa taa ya majaribio. Hiyo ni balbu ya kawaida ninayoiunganisha kati ya ukuta na kifaa kibovu. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kifaa kina uhai. Ikiwaka kwa nguvu zake zote na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, umeme unapita bila wa kuuzuia. Bibi alilielewa hilo haraka kuliko wateja wangu. Nilikuwa nikichomeka, balbu ikawaka kama ya sikukuu, sauti inatoka kitandani: "Inna lillahi." Mwenye chaja amesimama mlangoni na kitambulisho cha ofisi shingoni, anacheka, hajui kwamba amefiwa.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo bibi hakulifanyia utani, nalo ni mgongo.

Kabla yangu alikuwa na mke mwenza wa kweli. Babu alioa wawili, bibi akiwa wa pili, na yule mkubwa aliugua, akalala muda mrefu kwenye kitanda cha kamba kule Kolo. Bibi ndiye aliyemuuguza. Mgongo wa yule mama ulifunguka. Bibi alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akitazama dari. Alisema kwanza ngozi iling'aa, halafu ikaiva, halafu ikawa mlango. Alisema walifukiza ubani, na bado watu waliokuja kumjulia hali walisimamia kizingitini. Alisema yule mama, aliyekuwa na maringo kuliko wanawake wote wa mlima wa Kolo, alikufa akiwaomba watu radhi kwa harufu yake.

"Mimi kufa sikatai," akaniambia. "Nani amewahi kukataa? Lakini nisife vile. Watakaoniosha waukute mgongo mzima. Unanisikia, mke mwenzangu?"

"Nakusikia, bibi."

"Sema wallahi."

Nikasema wallahi. Ni rahisi sana kusema ukiwa umekaa.

Wauguzi nao walikuwa wametuambia hivyo hivyo siku tunaruhusiwa kuondoka hospitali: mgeuzeni, msichoke kumgeuza. Nilimgeuza. Lakini bibi hakuwa mwepesi, na mimi nina mikono ya mtu anayeshika vitu vidogo. Mjomba akatuma godoro la upepo kwa basi. Ni godoro la mifuko mirefu iliyolala sambamba kama mihogo kwenye gunia. Pampu ndogo huujaza mfuko mmoja na kuupunguza wa jirani yake, kwa zamu, ili mwili usikae na uzito wake mahali pamoja. Lilikuwa limewahi kutumika kwingine. Hatukuuliza kwa nani, wala aliishia wapi.

Pampu ilining'inia miguuni mwa kitanda ikihema taratibu. Ilikula volti kumi na mbili kutoka kwenye adapta nyeusi ambayo haikuwa yake ya asili. Maandishi yote ya adapta yalikuwa yamefutika isipokuwa onyo kwamba usiifungue. Nikaifungua. Ndani, mahali pa vichujio vinavyotakiwa kuupoza umeme wa ghafla palikuwa pamechapwa majina yao tu, na juu yake pamerukishwa kipande cha waya. Aliyeitengeneza alikuwa ameona vichujio ni anasa. Nikaifunga tena kwa heshima, kama mtu aliyechungulia chungu cha jirani akakuta maji.

Haukupita muda pampu ikaanza kuhema kwa shida na godoro likalegea kiunoni. Nikaitoa adapta, nikaipima: volti kumi na mbili, tena na ziada kidogo. Nikairudisha, pampu ikazubaa vile vile. Hapo nikaikumbuka tabia yao. Adapta isiyo na mzigo husema ni nzima. Ibebeshe ndipo iseme kweli. Nikaifunga kwenye balbu ya pikipiki, na volti zikashuka huku nazitazama.

"Inasemaje?" bibi akauliza.

"Inasema haijambo. Ila ukiipa kazi inazimia."

"Basi ni mgonjwa mwenye adabu," akasema. "Kama mimi na wageni."

Na ilikuwa kweli. Wageni walipoingia, bibi alikuwa sijambo, namshukuru Mungu, habari za watoto, na nani kakudanganya hilo gauni linakukaa? Walicheka mpaka wakajishika mbavu, wakaaga wakisema bibi anaendelea vizuri, atatuzika wote. Mlango ukishafungwa, hakuweza hata kumeza uji. Nilikaa naye na kijiko mkononi, nikisubiri arudi kutoka huko alikokwenda.

Nilibadilisha kapasita mbili za adapta kwa nyingine nilizozing'oa kwenye king'amuzi kilichouawa na mjusi, pampu ikarudi kuhema vizuri. Bibi akasema amelalia urithi wa mjusi.

Vita vyetu vilikuwa vya kitambaa. Kabla ya kiharusi bibi alikuwa mfumaji, na hapakuwa na kitu katika ukoo wetu chenye mgongo bapa ambacho hakikuwa na kitambaa chake cha kufuma: redio, makochi, mtungi, hata sanduku la cherehani. Sababu mojawapo ni vumbi, maana vumbi la Dodoma halisubiri mwaliko. Lakini zaidi ilikuwa heshima. Chombo kinachokuhudumia huwezi kukiacha uchi mbele za watu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliagiza pampu na adapta yake vivalishwe kile cheupe chenye maua pembeni.

"Bibi, adapta inatoa joto. Ukiifunika, joto halina pa kwenda, kapasita zinakauka zinavimba."

"Mimi nimejitanda kanga mbili juani maisha yangu yote. Nimevimba?"

"Wewe huna kapasita."

"Ninazo. Hujanitazama vizuri."

Tukapatana. Pampu, ambayo haichemki sana, ikavaa kitambaa. Adapta nikaipandisha juu ya tofali chini ya kitanda, uchi, penye hewa, mahali ambapo mgeni hawezi kuiona asipoinama. Bibi akapata ushindi wa macho, mimi nikapata wangu wa volti.

Lakini tulikuwa na mgeni mmoja anayeinama. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa dada wa ofisini, Mhaya, mwimbaji wa kwaya, aliyehamia Dodoma pamoja na wizara yake. Alikuja kwanza na chaja ya kompyuta. Chaja ikapona, yeye hakuacha kuja. Hakuweza kuingia nyumba ya mtu bila kupanga kitu: atanyoosha zulia, atavigeuza vikombe midomo chini, atakunja nguo ambayo hukuwa umemaliza kuivaa. Bibi alimpenda, kwa hiyo alimtesa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujaolewa tu?"

"Bado, bibi. Namsubiri mume wenu afufuke."

"Foleni ni ndefu. Muulize huyu."

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, joto limekaa juu ya bati, mvua inatishia tu bila kunyesha, na upepo unaleta mchanga mpaka kwenye meno. Umeme tangu asubuhi ulikuwa unakatika na kurudi. Wanawake wa msikitini kwetu walikuja wote pamoja kumjulia bibi hali, na yule dada akaja kunisaidia kupanga viti. Mimi nilikuwa jikoni na birika. Katika kupanga kwake aliinama, akaona chini ya kitanda kitu cheusi kimekaa juu ya tofali, peke yake, kimejaa vumbi, siku ya wageni. Akavua kanga yake ya begani, mpya kabisa, akaikunja, akaikunja tena, akakifunika na kukichomekea pembeni kama mtoto mchanga.

Nayaandika haya kwa imani kwamba dada yule hasomi kitu kisicho na muhuri wa ofisi.

Wageni walikaa sana, kwa kuwa bibi aliwachekesha sana. Kukawa na chai, kukawa na visa vya Kondoa, kukawa na dua. Ilikuwa wakati wa dua nilipoisikia kwa pua. Kapasita iliyopasuka haina harufu ya kuungua kwa kawaida. Ni kama samaki aliyechomwa na plastiki yake. Pampu ikahema harakaharaka, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha ikanyamaza. Nilisubiri "amin" ndipo nikapiga magoti. Nikaiona kanga.

"Vipi, mdogo wangu?" yule dada akauliza nyuma yangu.

"Fyuzi," nikasema. "Umeme huu wa kukatikakatika."

"Umeme huu!" akasema, na wanawake wote wakaulaani umeme. Nikaichomoa kanga polepole, nikaikung'uta, nikamwekea begani. Ilikuwa ya moto.

Walipoondoka nikaifungua. Adapta ikifa vizuri hunyamaza tu, unabadilisha, maisha yanaendelea. Hii ilikufa vibaya. Kabla ya kuzimika, ile sehemu inayozichunga volti ilikuwa imekwishapotea, zikapanda bila mchungaji, zikaiunguza na bodi ya pampu. Nikaifunga kwenye taa ya majaribio, nadhani kwa sababu mikono ilitaka kazi. Balbu ikawaka yote. Nilisubiri utani kutoka kitandani.

"Izime," bibi akasema.

Nikaizima. Akaniuliza kama ile kanga ilikuwa ya yule mtoto, ndivyo alivyomwita dada wa ofisini. Nikasema ndiyo.

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Usimwambie. Alikuwa ananifunika mimi, hakujua kwamba ni mashine."

Adapta nyingine ya volti kumi na mbili niliipata kabla jua halijazama, ninazo za kutosha kuzibia mto. Bodi ya pampu ndiyo iliyonishinda. Kile kidude kikuu kilichoungua kilikuwa kimekwanguliwa namba zake kiwandani ili watu wa aina yangu wasikipate. Nikapiga picha, nikazituma kwa mafundi wa Dar ambao wamesoma, wakanijibu kwa alama ya mikono iliyofumbatana. Mjomba akasema pampu nyingine inatafutwa. Kisha ikawa imepatikana. Kisha ikawa njiani, na njiani ni mahali ambapo vitu vingi vya familia yetu vimewahi kuishi.

Basi mimi, ninayesusia chumvi, nilitoka. Niliwaachia jirani na mama mmoja wa msikitini zamu, nikazunguka maduka ya vifaa vya hospitali na ya vifaa vya redio. Mtu akaniambia Kibaigwa kuna dalali wa mahindi aliyemuuguza mama yake kwenye godoro kama letu. Nikapanda basi. Nikapita katikati ya malori na magunia na watu wanaonadi bei kwa kupiga kelele, nikimuuliza kila mtu habari za pampu, mpaka wakadhani nauza mashine za umwagiliaji. Nilimpata. Alikuwa mtu mwema. Alinipeleka nyumbani kwake, akanitolea kutoka darini godoro zuri kuliko letu, safi, limekunjwa. Pampu yake iliungua mwaka uliotangulia, akaitupa. Tukakaa pale na magodoro mawili kati yetu, moja la kuona na moja la kufikirika, na hakuna wa kuyatia pumzi. Akanipa pole, na mahindi ya kuchoma nile njiani.

Niliporudi nikatunga sheria. Watu walikuwa wengi wanaokuja kumwona bibi, na kila mmoja alikuja na mikono miwili. Nikatangaza kwamba chai katika nyumba hii inatoka baada ya kugeuza. Ukiingia, shikamoo, marahaba, kisha unanawa, unashika shuka upande ule, mimi upande huu, tunamgeuza, tunampaka mafuta, tunamwekea mto mgongoni na mwingine kati ya magoti. Ndipo unaulizwa kama unakunywa na tangawizi.

Bibi akaifanya kuwa ngoma. Aliwapangia majina ya vyeo. Mke wa imamu alikuwa fundi mkuu. Muuza mboga wa mtaani alikuwa dereva wa kiuno. Mjumbe wa mtaa alikuja na suti ya kitenge, akafikiri anasamehewa, bibi akamwambia, "Hata wewe, mheshimiwa. Hapa hatupigi kura, tunabeba." Na yule dada wa ofisini alikuja kabla ya kwenda kazini na baada ya kutoka, na mara nyingine mchana na viatu vyake vya ofisi mkononi. Alikuwa na mikono mizuri kuliko sisi wote. Alimgeuza bibi kama mtu anayefungua ukurasa wa kitabu cha kuazima.

Na bado haikutosha. Mikono inachoka, mikono inalala, mikono ina waajiri. Asubuhi moja nikimpaka mafuta nikaona pale chini, kwenye mfupa wa kukalia, ngozi inang'aa. Kesho yake ilikuwa imeiva. Nilipaka, nikaombea, nikamlaza ubavu mpaka ubavu nao ukalalamika. Halafu siku moja ilikuwa imefunguka, ndogo tu, kama punje ya hindi.

Nilijipa uso wa kazi. Bibi alinitazama kidogo.

"Imefunguka," akasema.

"Ni mchubuko tu, bibi."

"Nimeuguza mimi. Usinidanganye kwa utaalamu wako wa chaja. Ni mlango?"

Nikamwambia ukweli. "Si mlango. Ni tundu la ufunguo."

Akacheka. Kweli alicheka, upande ule mmoja wa uso uliobaki wake, na machozi yakamtoka upande huo huo. Nikamfuta. Nikamwambia nilikula kiapo na sijakitimiza.

"Umenilisha wali wenye mawe na sikukushtaki," akasema. "Nikakushtaki kwa hili?" Kisha, baada ya kuvuta pumzi: "Yule mtoto asijue. Unaona anavyokuja? Akijua, ataanza kukumbuka kanga yake. Kati yenu mnaonigeuza wawili lazima waone, basi iwe wewe na mke wa imamu. Yeye mpe mabegani."

"Na watu wengine?"

"Watu wengine waambie bibi ana mgongo wa msichana. Nikishafukiwa ukapita muda, sema utakavyo, maana mdomo wako naujua."

Kuanzia hapo yule dada akawa wa mabegani. Alidhani ni kupandishwa cheo. Alikuwa akiuliza kila jioni, "Mgongo?" na bibi anajibu mwenyewe, kabla yangu, "Mgongo unakuzidi wewe, mjukuu wangu, uliyepinda kwa kompyuta." Akishatoka, bibi anafumba macho na kuuma shuka.

Nilikuwa nasafisha kidonda asubuhi na jioni kwa dawa tuliyopewa na muuguzi, na hakikuwa mlango. Hilo niliweza. Kila mara nilipofunua, nilivuta hewa kwanza kwa pua kabla ya kutazama kwa macho, na haikuwapo harufu. Bibi alikuwa akinitazama puani. Nikitikisa kichwa, analegea mwili mzima, hata ule upande ambao haukuwa wake tena.

Alifariki asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimepiga bati usiku kucha na hewa imepoa. Tulikuwa tumetoka kumgeuza aelekee dirishani. Aliuliza kama mahindi ya watu wa Kolo yamepandwa, nikamwambia watakuwa wanapanda. Nikaenda kuchukua uji. Sikukaa huko muda mrefu. Niliporudi alikuwa bado anatazama dirishani, nami nikaanza kumwambia habari za uji, nikamwambia karibu sentensi nzima.

Mjomba alisema azikwe Kolo, lakini kuosha kufanyike hapa kabla gari halijaondoka. Tukafunga shuka pande zote uani kwa ajili ya sitara. Mwoshaji alikuwa mama mtu mzima wa msikitini kwetu, mwenye sauti ndogo. Tuliingia wachache: yeye, mke wa imamu na mimi. Kabla ya kuanza alitukumbusha lile ambalo kila anayeosha huambiwa, kwamba unachokiona kwenye mwili wa marehemu kinabaki pale na maji. Ukitoka nje unatoka na jema tu. Yule dada, kwa kuwa si wa dini yetu, alibaki upande wa pili wa shuka. Alikuwa anachota maji, anayapoza ya moto kwa ya baridi, anayajaribu kwa kiwiko, na kutupitishia ndoo kwa chini. Hakuna aliyemwambia ayajaribu kwa kiwiko.

Tukaosha kichwa, tukaosha upande wa kulia. Tulipomlaza ubavu ili tuoshe nyuma, mwoshaji aliona. Alisimamisha kata hewani. Akanitazama, si kwa kunilaumu, akanitazama tu, kisha akaweka kiganja chake juu ya pale mahali na kuyamimina maji juu ya mkono wake mwenyewe, ili yafike taratibu, kana kwamba bado panaweza kuwasha.

Nje ya shuka ndoo ikatulia.

"Mdogo wangu," yule dada akasema. Sauti yake ilikuwa karibu sana, alikuwa amechuchumaa. "Mgongo?"

Maji yalikuwa yakitiririka kwenda kwenye mfereji tuliouchimba asubuhi. Mke wa imamu aliinamisha uso. Mwoshaji hakuutoa mkono wake.

"Mzima, dada," nikasema. "Mzima kabisa."

Nikamsikia anavuta pumzi, nikamsikia anakaa chini kwenye tope kwa nguo zake za msibani, na kilio ambacho alikuwa amekizuia tangu asubuhi kikamtoka chote. Mwoshaji akamwacha alie. Kisha akanyoosha mkono chini ya shuka, akagonga ndoo tupu kwa kidole, polepole.

"Leta mengine, mwanangu," akasema. "Tunakaribia kumaliza."